Kumezwa, kujitokeza au kurudi udongoni: njia ipi ya kupaka mwili kwa picha za mtu na mazingira?

Msimamishe mtu mbele ya mti mkubwa. Mpake magome, mistari na madoa ya mti ule mpaka asionekane, kisha piga picha. Kesho yake mrudishe palepale, mpake buluu tupu kutoka utosini hadi nyayoni, piga tena. Siku ya tatu mpake udongo uliochotwa chini ya mti wenyewe. Mtu ni yuleyule, mti ni uleule, kamera haijasogea hata kidogo, na bado una picha tatu zinazobishana kuhusu huyu mtu ni nani na pale amefika vipi.

Ulinganisho huu nauandika kwa mtu mwenye mradi kichwani, pengine na rafiki mmoja aliyekubali kupakwa, na siku moja au mbili za kazi. Wengi wetu huchagua njia kwa sababu kuna picha ya mtu mwingine iliyotuvutia, tukaiga. Nami nilianza hivyo. Nilitumia saa 6 kumficha mwenzangu ndani ya ukuta wa majani. Picha ikatoka vizuri, watu wakaisifu, na karibu kila aliyeitazama alisema neno moja tu: "Nimemwona!" Hakuna aliyezungumzia majani, wala aliyemzungumzia mtu. Nilikuwa nimetega kitendawili, kikateguliwa, watu wakaendelea na safari zao. Tangu siku ile naanza na swali la picha inataka kusema nini juu ya binadamu na ardhi aliyoikanyaga, ndipo nagusa rangi.

Kumezwa na mandhari

Njia hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na nitakaa nayo kwa muda kwa sababu ugumu wake haupo pale wengi wanapoutafuta.

Anayeanza hudhani kazi ni kupata rangi inayofanana na kilicho nyuma. Rangi hupatikana. Kinachomsumbua mpakaji ni kivuli. Mwili una mviringo: mabega na sehemu ya juu ya mapaja hupokea mwanga wa anga, ilhali chini ya kidevu, chini ya matiti na chini ya tumbo huingia giza. Hata ukiipata rangi ya jiwe barabara, lile giza la chini ya kidevu litamtoa mtu nje kana kwamba amezungushiwa wino. Mchoraji Mmarekani Abbott Thayer alilieleza jambo hili mwaka 1896 alipoandika juu ya wanyama. Wengi wao wana mgongo wa giza na tumbo jeupe, na mpangilio huo hufuta kivuli kinacholetwa na jua la juu, mwili ukaonekana bapa. Mtazame swala akiwa amesimama kwenye nyasi kavu utaelewa mara moja. Mpakaji naye hufuata njia ya swala: mabega huyapaka giza kuliko jiwe lenyewe, na chini ya kidevu hupaka nuru kuliko jiwe. Ukimsogelea, kazi inaonekana kama imekosewa. Ukirudi kwenye kamera, mtu hayupo.

Jambo la pili: kutoweka huko hutokea kwenye nukta moja tu ya kutazamia. Tawi linalopita nyuma ya bega na kuendelea kwa rangi juu ya kifua linaungana na lenyewe ukitazama kutoka pale lenzi ilipo. Ukisogea hatua moja kushoto, tawi limevunjika. Kwa hiyo kamera hufungwa kwenye tripodi kabla brashi haijalowa, na haiguswi mpaka mwisho. Mpakaji hupaka, hurudi kutazama, huenda tena kupaka. Akibahatika huwekewa skrini karibu na mkono wake. Anayepakwa anahitaji alama chini ya nyayo na kitu cha kuelekezea pua, kwani akipumzika kidogo halafu akarudi sentimita chache pembeni, kazi ya saa mbili imehama pamoja naye. Mwegemeze kabisa kwenye jiwe au mti kama mahali panaruhusu. Akisimama mita mbili mbele ya mandhari yake, kila kosa la mkao huongezeka. Na tundu la lenzi lifungwe hadi f/8 au f/11, yaani liwe dogo, ngozi na jiwe vipate ukali sawa, kwa maana nyuma ikififia hata kidogo mwili unachomoza.

Halafu kuna jua, ambalo hutembea nyuzi 15 kila saa. Ukipaka vivuli vya saa 2 asubuhi na ukapiga picha saa 6 mchana, umemficha mtu ndani ya asubuhi iliyokwisha kupita. Ndiyo sababu wazoefu wa njia hii wanaipenda siku ya mawingu kuliko siku ya jua kali. Mwanga wa mawingu hauna upande, na unaweza kukaa vilevile kwa saa nyingi. Mawingu pia hupunguza mng'ao. Ngozi iliyopakwa hung'aa pale jasho linapotokea, na kamera huukuza mng'ao huo. Poda isiyo na rangi husaidia, na kichujio cha lenzi cha kukata mng'ao husaidia zaidi.

Hayo yote ni mikono na macho. Swali la maana ni lile jingine: kumezwa kunasema nini?

Wengi huichagua njia hii wakitaka kusema kwamba binadamu na mazingira ni kitu kimoja. Tazama basi waliofika nayo mbali. Liu Bolin wa China alianza picha zake za kujificha mjini mwaka 2005, baada ya kijiji cha wasanii cha Suojia huko Beijing, alikokuwa akifanyia kazi, kubomolewa. Alijipaka kifusi akasimama mbele ya kifusi. Baadhi ya picha zake zimemgharimu hadi saa 10 za kusimama. Hapo kumezwa ni malalamiko: mtu amefutwa mahali pake. Kabla yake, katika miaka ya 1970 na 1980, Vera Lehndorff, mwanamitindo aliyejulikana kama Veruschka, alifanya kazi na msanii Holger Trülzsch akipakwa mawe, kuta zilizochakaa na mbao zilizooza. Ukizitazama unahisi mwili unaganda na kuzeeka pamoja na ukuta. Ile amani inayotafutwa na wengi humo siioni. Naona mauti inayokaribia polepole, na ndiyo inayonishika.

Hivyo ukitaka umoja hasa, usimfute mtu wote. Mwachie kitu chake kimoja. Mimi humwachia macho. Macho yakifumbwa, amekuwa jiwe. Yakifumbuliwa, kuna mtu anayekutazama kutoka ndani ya jiwe, na mtazamaji hawezi tena kusema "nimemwona" halafu akapita, kwa sababu yeye ndiye aliyeonwa. Piga zote mbili siku hiyohiyo, gharama yake ni kupepesa macho tu.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye picha na inaniumiza kila ninapoikumbuka. Saa 6 za kwenda na kurudi kati ya kamera na mtu ni mamia ya nyayo juu ya kipande kimoja cha ardhi. Kwenye miamba kuna likeni, yale madoa ya kijivu, kijani na machungwa yaliyoshikamana na jiwe. Baadhi yake hukua chini ya milimita 1 kwa mwaka. Doa la upana wa kiganja huenda lilikuwa na umri mkubwa kuliko bibi yako, na kisigino hulimaliza kwa mkanyago mmoja. Nimewahi kupiga picha ya mtu aliyeungana na mwamba, kisha nikatazama chini nikaona tulichoufanyia mwamba. Picha ile sijawahi kuionyesha popote.

Kujitokeza kwa rangi moja

Sasa ile buluu tupu. Hapa karibu kila kilicho kigumu kule kinakuwa chepesi. Mwili wa mtu mzima una ngozi ya takriban mita 1.5 hadi 2 za mraba, na watu wawili wenye sponji huumaliza katika saa moja au chini yake. Kamera iko huru. Zunguka, inama, panda juu ya jiwe, hakuna mstari utakaovunjika. Jua kali linakuwa rafiki, kwani kivuli ndicho kitakachoonyesha misuli na mifupa. Mtu anaweza kutembea, kuruka, kujikunja, kuingia majini. Na kama ulinganisho wenyewe unahusu idadi, hakuna mashindano: kumezwa ni kazi ya mtu mmoja au wawili, ilhali mwaka 2016 mpiga picha Spencer Tunick aliwakusanya watu 3,200 mjini Hull, Uingereza, wakajipaka vivuli vinne vya buluu na kujaza barabara kama maji ya bahari yaliyopanda mjini. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kwa brashi ndogo.

Kinachosemwa nacho ni tofauti. Rangi ambayo haipo kwenye mandhari humfanya mtu kuwa mgeni. Nyekundu kwenye kijani cha msitu ni jeraha au ni ua, kutegemea mkao. Nyeupe kwenye maji meusi ni mfupa. Jean-Paul Bourdier, aliyefundisha usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, amepiga kwa miaka mingi miili iliyopakwa rangi nzito kwenye majangwa ya magharibi ya Marekani, na kinachonivutia kwake ni hesabu ya maumbo: mgongo uliokunjwa unajibu mviringo wa kilima, mkono ulionyooshwa unafuata ufa wa jiwe. Mgeni amekuja, lakini amekuja akiwa na adabu, anaigiza mwendo wa wenyeji wake. Kumbe hata rangi ya kujitokeza inaweza kusema ukaribu, mradi umbo lifanye kazi ambayo rangi imekataa kuifanya.

Kuna faida nyingine. Rangi moja huondoa mengi ambayo mtazamaji angeyasoma kwanza: rangi ya ngozi yenyewe, makovu, mavazi, dalili za tabaka. Hubaki kiumbe chenye miguu miwili. Katika picha zinazotaka kusema "binadamu", na siyo "fulani wa mahali fulani", hilo ni jambo kubwa.

Udhaifu wake nao ni mkubwa. Rangi safi mbele ya mandhari nzuri hugeuka haraka kuwa tangazo. Ukiitazama unatarajia kuona jina la bidhaa pembeni. Dawa ninayoijua ni kuchagua mandhari ambayo yenyewe yana neno: mto uliokauka, msitu uliokatwa nusu, ufukwe wenye takataka. Pili, njia hii haisamehe uvivu wa pembeni. Nyuma ya masikio, kati ya vidole, nyayo, kope, ukingo wa nywele: sehemu moja ikiachwa wazi, jicho linakwenda hapo moja kwa moja. Katika kumezwa kosa dogo hupotea ndani ya vurugu ya majani, ila hapa halina pa kujificha.

Kurudi udongoni

Mwaka 1976 Ana Mendieta, msanii aliyezaliwa Havana na kupelekwa Marekani akiwa na miaka 12, alijipaka matope na nyasi akasimama ameegemea shina la mti mkubwa huko Iowa, mikono juu. Kazi hiyo inaitwa Mti wa Uzima. Ukilinganisha na picha za kumezwa zilizokuja baadaye, ufundi wake ni mdogo sana. Unamwona mara moja. Hakujaribu kukudanganya macho hata kidogo. Lakini ni picha ya mtu aliyeng'olewa kwao akiitafuta ardhi imkubali, na sijui picha ya rangi iliyonunuliwa dukani iliyofika hapo.

Nguvu ya udongo ni kwamba hauigizi mahali. Ni mahali penyewe pamepanda mwilini. Rangi inaoana na ardhi bila kuchanganya chochote, chini ya jua au mawingu, asubuhi au jioni, kwa sababu ni kitu kilekile kinachopokea mwanga uleule. Rangi za viwandani hazina uhakika huo: jicho linaweza kuona kahawia mbili zinafanana na kamera ikazitenganisha. Udongo ukikauka haung'ai. Huchukua dakika 20 kupaka. Kisha unakauka, unasinyaa, unapasuka kwenye viwiko, magoti na shingo, na nyufa zile hufuata mikunjo ya mwili kama nyufa za bwawa lililokauka zinavyofuata sakafu yake. Una muda mfupi wa udongo mbichi, mweusi, wenye uhai, na muda mfupi wa udongo mkavu unaodondoka. Ni mwili mmoja na picha mbili. Mimi huacha kamera ifanye kazi tangu mwanzo mpaka vipande vya mwisho vinaanguka, na mara nyingi picha nzuri iko katikati, bega limekauka na tumbo bado linameremeta unyevu.

Ni njia ya kale pia. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba katika pango la Blombos, Afrika Kusini, walikuta makombe mawili ya baharini yaliyotumika kuchanganyia ngeu pamoja na mkaa na mifupa iliyopondwa, miaka 100,000 hivi iliyopita. Ngeu ni udongo unaopata wekundu wake kutokana na chuma, na damu yetu nayo ni nyekundu kwa sababu ya chuma. Ukiijua habari hiyo, kuipaka ngeu kwenye ngozi kunaacha kuwa mapambo.

Kwa sababu hiyohiyo, michoro ya udongo ina wenyewe. Wahimba wa Namibia wana mchanganyiko wao wa ngeu na mafuta ya maziwa. Wasurma na Wamursi wa bonde la Omo, Ethiopia, wana michoro yao ya chokaa asilia na udongo, na kamera za wageni zimewafuata kwa miongo mingi. Kuchukua alama zao ukambandika mtu wa mjini ili picha ionekane "ya asili" ni kuwatumia watu kama mandhari. Udongo tupu, bila alama ya kuazima, unatosha kabisa.

Usalama wake unahitaji umakini kuliko wengi wanavyodhani, maana neno "asili" hutulegeza. Matope ya maji yaliyotuama, au ya mahali wanyama wanapokunywa, hubeba vimelea. Usimpake mtu yeyote, na zaidi mwenye mchubuko. Vipande vya kioo hukaa humo bila kuonekana. Majivu yakilowa huchoma ngozi, na chokaa ya ujenzi huunguza vibaya, hata ikiwa rangi yake ni ile uliyoitaka. Ninachofanya ni kununua udongo mweupe safi uliotengenezwa kwa ajili ya ngozi, kuuchanganya na maji na matone ya glisirini ili usipasuke upesi mno, kisha kunyunyiza juu yake vumbi kavu la mahali, lililochekechwa, kwenye ngozi isiyo na jeraha na mbali na macho na mdomo.

Mwili kuwa mnyama

Kuna njia ya nne, ya studio: mwili au miili kadhaa inapangwa na kupakwa mpaka inakuwa mnyama. Johannes Stötter wa Italia, bingwa wa dunia wa upakaji wa miili mwaka 2012, alimuunda chura kwa watu 5, na kinyonga kwa wanawake wawili. Ni ufundi wa hali ya juu, na anayependa mkao na umbo atafurahia kujaribu. Kwa mradi wa mtu na mazingira, hata hivyo, naiweka mwisho. Mandhari yameondolewa, mnyama hana pa kuishi isipokuwa pazia jeusi, na mtazamaji anarudi kwenye mchezo uleule wa kutafuta mkono uko wapi. Ina faida moja ambayo njia nyingine zote hazina: joto, paa na kiti vipo.

Anayepakwa analipa nini

Faida hiyo si ndogo, kwa kuwa njia hizi hazimgharimu anayepakwa kwa kiasi kimoja.

Wasiwasi wa zamani kwamba mtu aliyepakwa mwili mzima hukosa hewa hauna msingi. Tunapumua kwa mapafu. Hatari halisi ni joto na baridi. Rangi nzito za mafuta huzuia jasho, na mtu anayeruka juani akiwa amepakwa rangi moja ya aina hiyo anaweza kupata joto la hatari. Rangi za maji huacha ngozi itoe jasho, lakini jasho hilo huzichuruza, na zikiwa mbichi hupoza mwili kwa kasi upepo ukivuma. Udongo mbichi hupoza kuliko zote. Rangi za alkoholi hushikilia jasho na mikwaruzo vizuri, zinaifaa kazi ya kumezwa inayochukua saa nyingi, ila huwaka moto kwa urahisi kabla hazijakauka na huhitaji kiondoa rangi maalumu ambacho ngozi nyepesi haikipendi.

Katika kumezwa, adui ni kusimama. Mtu aliyekaza magoti kwa muda mrefu bila kusogea anaweza kuzimia, damu ikiwa imelala miguuni. Mruhusu alegeze magoti, mpe maji, mpe mapumziko kila dakika 40 hata kama alama zitahama kidogo. Na kwa njia zote, jaribu rangi ndani ya kiwiko saa 24 kabla. Rangi ya akriliki ya kuchorea, hata kama kopo lake linasema haina sumu, haikutengenezwa kwa ngozi. Mkubaliane pia mapema, kwa maandishi, ni picha zipi zitaonekana na wapi. Mtu aliyefichwa ndani ya majani hatambuliki, aliyepakwa buluu hutambulika na jamaa zake wote, na aliyepakwa udongo yuko katikati. Kwa wengine tofauti hiyo peke yake ndiyo itakayoamua.

Mwisho wa siku kuna kunawa. Usimpeleke mtu mtoni. Rangi ya mwili mzima ikiingia kijito kidogo inabeba viambato vyote vilivyokuwa ndani ya kopo, na chembe za kumetameta nyingi ni plastiki. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa chembe hizo za plastiki zikiwa huru, yaani zisizoshikizwa kwenye kitu, Oktoba 2023. Futa kwa vitambaa, virudishe nyumbani, oga bafuni. Udongo wa palepale ndio pekee unaoweza kuanguka ulikotoka bila kumwomba mtu radhi.

Basi uchague ipi

Kama una siku nzima ya mawingu, mpakaji mwenye subira, mwanamitindo anayeweza kutulia, na ardhi ngumu isiyoharibika kwa kukanyagwa, na unachotaka kusema ni kufutwa, kusahaulika au kuzeeka, chagua kumezwa. Haina mshindani hapo. Usiichague kwa sababu tu inashangaza.

Kama una watu wengi, muda mchache, jua, au mandhari yaliyoumizwa na unataka ile aibu ya binadamu aliyejitenga ionekane bila maelezo, chukua rangi moja. Tumia nguvu zako kwenye mkao.

Kama una mtu mmoja, saa moja, na jambo la kusema kuhusu kutoka ardhini au kuirudia, chukua udongo. Picha zake huchelewa kupendwa. Hazishangazi kwa mara ya kwanza, na katika mkusanyiko wa picha ndogondogo kwenye simu zitapitwa na kinyonga wa studio. Lakini ni hizo ninazorudi kuzitazama mwenyewe, na ni hizo ambazo waliopakwa huomba nakala wakaziweke ukutani.

Wapo wanaochanganya, mfano kumeza mwili wote kisha kuacha mkono mmoja ukiwa na rangi ya kujitokeza. Inaweza kufanikiwa ikiwa mkono ule una kazi. Mara nyingi nimeona hauna.

Na kama bado umekwama, usimpake mtu yeyote kwanza. Paka mkono wako mwenyewe, kuanzia kiwiko hadi vidole. Guido Daniele wa Italia amejenga kazi nzima kwa kupaka mikono wanyama, kwa hiyo si sehemu ndogo ya mwili. Nenda kwenye mahali ulipopachagua, tripodi mbele ya jiwe moja. Weka mkono juu ya jiwe ukiwa na rangi ya jiwe, piga. Futa, paka rangi moja isiyokuwepo pale, piga. Futa tena, paka udongo, subiri ukauke nusu, piga. Saa tatu zinatosha. Usizitazame picha siku hiyo. Kesho asubuhi zifungue zote tatu kwa pamoja, na ule mkono ambao hukuweza kuutambua kuwa ni wako, au ulioutambua kupita kiasi, uandike jina lake kwenye daftari kabla hujampigia simu yule rafiki aliyekubali kupakwa.